Kombe Liko Kabatini, Mtoto Yuko Wapi?

Mwaka huu wa 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wa Kenya wameingia Gredi 10, mwanzo wa sekondari ya juu, na pamoja nao umeingia mjadala ambao nimeusikia ukirudiwa kwenye matatu za Kondele, Kisumu, na kwenye mikutano ya wazazi mpaka nimeuchoka: mtoto akipelekwa mkondo wa Sanaa na Michezo, je, amefeli? Wizara ya Elimu ilipopanga mikondo mitatu ilikadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wangeenda STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Mzazi akiiona hiyo 15 mwishoni anaisoma kama alivyozoea kusoma ripoti ya muhula, kwamba wa mwisho ni wa mwisho. Basi drama, ambayo sasa ni somo la kuchaguliwa katika mkondo huo, inaitwa somo la wasioweza hesabu. Mashabiki wake nao wanaitetea kwa makombe, na kwa wachekeshaji na watangazaji waliotokea jukwaa la shule. Naona pande zote mbili zimepotelea mahali pamoja. Zote zinadhani drama ni ya wale watakaopanda jukwaani. Mimi nasema mtoto anayeihitaji drama zaidi ni yule ambaye hatachaguliwa kamwe kwenda tamashani, na kwamba kwa jinsi tunavyoiendesha sasa, hasa huku magharibi mwa Kenya tunakojigamba nayo, mtoto huyo anapata makombo, na mara nyingine anaumizwa.

Tamasha za drama za shule nchini Kenya zilianza mwaka wa 1959, zikiwa za Kiingereza na za ladha ya Kiingereza. Waafrika walizichukua baadaye wakazitia ngoma, masimulizi, mashairi na lugha zao, na leo ni shughuli kubwa ya kitaifa. Shule inaanzia kaunti ndogo, ikishinda inapanda kaunti, kisha kanda, kisha taifa, na washindi hutumbuiza mbele ya Rais. Haya yote yanabanwa katika muhula wa kwanza. Januari mwalimu mkuu anayetaka jina anatafuta mtunzi wa nje na mwelekezi wa nje. Mchezo unaletwa ukiwa umeshaandikwa, wahusika wanapangwa, mazoezi yanakula jioni na Jumamosi, na kufikia Aprili kila kitu kimekwisha. Mavazi yanakunjwa yanarudi stoo. Shule yenye wanafunzi elfu moja na zaidi imepeleka jukwaani wachache, wengine wamepiga makofi gwarideni kombe lilipoonyeshwa, na drama imelala hadi Januari nyingine. Siwalaumu walimu wa drama. Wengi wao wanafundisha Kiingereza au Kiswahili mzigo kamili, na bila kombe hakuna anayewauliza wanahitaji nini.

Mfumo huo ndio ulioonekana uchi Nakuru mwezi wa Aprili 2025, ingawa tulikuwa tukitazama kwingine. Wasichana wa shule ya upili ya Butere walifika tamasha za kitaifa na mchezo wa Echoes of War wa aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuigiza. Malala akakamatwa. Asubuhi ya tarehe 10 wasichana wakaingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Nje polisi walirusha gesi ya machozi. Nchi iligawanyika mara moja. Serikali iliuliza mwanasiasa anatafuta nini kwa wanafunzi. Wapinzani wakajibu kwamba uhuru wa kujieleza hauishii kwenye lango la shule. Kwa upande wa sheria nasimama na wapinzani bila kusitasita, kwa sababu kifungu cha 33 cha Katiba hakikuandikwa kwa ajili ya watu wazima peke yao, na Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua hivyo mwaka wa 2013 mchezo mwingine wa shule hiyo hiyo, wa mtunzi huyo huyo, ulipopigwa marufuku. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa na upande wowote kwa dhati: katika mchezo ule, wasichana wenyewe walisema nini? Maneno yalikuwa ya mtu mzima. Waliyaigiza kwa ustadi kaunti hadi kanda, hilo halina ubishi. Ila siku tuliyowasikia wakiongea kwa maneno yao, wakiwaambia wanahabari kwa sentensi fupi fupi kwamba hawawezi kuigiza bila mwelekezi wao na bila hadhira, ilikuwa siku ambayo hawakuigiza. Sisemi hivyo kuwakejeli. Ninasema mfumo wetu wa drama umejengwa hivi kwamba ili msichana wa miaka 16 asikike akisema la kwake, ilibidi mchezo wenyewe uvunjike.

Kijana wa umri huo ana kazi gani moyoni? Mwanasaikolojia Erik Erikson aliieleza miaka mingi iliyopita kuwa ni kutafuta kujijua, kujaribu nafsi hii na ile mpaka moja ikae. David Elkind, mwaka wa 1967, aliongeza jambo ambalo kila mzazi wa kijana amelishuhudia bila kujua jina lake: kijana huishi mbele ya hadhira iliyo kichwani mwake. Chunusi moja, na anaamini shule nzima imeiona. Viatu vimeachama, basi gwaride zima linatazama miguu yake. Huku kwetu hadhira hiyo ina mambo yake maalum. Inamsikiliza mvulana wa Seme akisema “fis” badala ya “fish” na kungoja acheke nani. Inampima msichana weusi wake kwa picha za simu. Inamjua nani analipiwa karo na basari na nani hutumwa nyumbani. Mvulana Mluo anayepelekwa bweni Nakuru anajua tusi la kutotahiriwa linalomngoja bafuni, na yule wa Bungoma anajua ni mwaka gani asipotahiriwa atakoma kuitwa kwa jina lake. Sasa weka juu yake TikTok na magrupu ya WhatsApp ya darasa, ambako hadhira ya kichwani imepata macho ya kweli na haiendi kulala.

Wazee wetu hawakuliacha jambo hili lijitatue. Agosti ya mwaka huu, kwa kuwa ni mwaka unaogawika kwa mbili, wavulana wa Kibukusu wanaongoja tohara watazunguka tena kwa jamaa wakigonga chinyimba, yaani njuga za mkononi, watafika kwa mjomba wawekewe shingoni likhoni, kipande cha nyama, pamoja na matusi ya kuwapima, na alfajiri watashuka mtoni wakapakwe matope kisha warudi uwanjani wakiimbiwa Sioyaye, wimbo wa tohara. Huo ni mchezo kamili: una mavazi, una njia, una maneno, una hadhira inayojua kila hatua. Mtoto anaingia akiwa mmoja anatoka mwingine. Ila una sifa mbili ambazo hatuwezi kuzipeleka darasani. Unampa nafsi moja tu, iliyochaguliwa kabla hajazaliwa, na ukiteleza uwanjani hakuna kurudia. Na wasichana hawamo ila kwa kuimba pembeni.

Upande wa ziwa, kwa Waluo, kuna kitu kingine ambacho nashangaa walimu wetu hawakitumii zaidi, nacho ni pakruok. Aliyewahi kuhudhuria ngoma ya ohangla anakijua. Mtu anatoa hela, muziki unasimama, na yeye anasimama kujisifu: yeye ni nani, wa wapi, rafiki wa nani, anapenda nini, kwa maneno ya mafumbo na majigambo ambayo hayawezi kuwa kweli yote na hakuna anayedai yawe. Watu wanaitikia, muziki unaendelea, amekaa. Nafsi aliyoitangaza haimfungi. Kesho ohangla nyingine, atajiita jina jingine.

Mwaka jana nilikaa nyuma ya darasa la Gredi 8 katika shule moja ya kutwa mjini Kisumu. Mwalimu wa Kiswahili alisukuma madawati ukutani, akampa mvulana mmoja kifuniko cha ndoo apige, na kuwaambia wanafunzi, hamsini na kitu, kwamba leo ni pakruok kwa Kiswahili. Sarafu ilikuwa kizibo cha soda. Wavulana watano wa kwanza walijisifu kwa Arsenal na Gor Mahia, kama ilivyotarajiwa, na kelele zikawa nyingi hata mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Kisha msichana mmoja mwembamba akaja na kizibo chake. Kifuniko kikanyamaza. Akatazama chini kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. “Mimi ni nyar Kibuye,” akasema, yaani binti wa Kibuye. “Mama yangu anauza omena [dagaa], na mkinusa hii sweta mtajua.” Darasa lililipuka kwa kicheko. Akangoja kiishe, mkono ukiwa juu kama mtu mzima aliyelipia muziki. “Na hiyo omena ndiyo imenunua hii sweta. Piga ngoma!” Kifuniko kikapigwa. Baadaye mwalimu aliniambia harufu ya omena ndiyo waliyokuwa wakimtania nayo tangu Gredi 7. Kabla ya kengele aliwasimamisha wote, kila mmoja akasema jina lake halisi na kitu atakachokula jioni hiyo, wakarudisha madawati. Dakika arubaini zilikuwa zimeisha.

Sitadai msichana yule aliamka kesho yake akiwa mtu mpya. Lakini tazama kilichofanyika. Tusi lilikuwa mali ya wengine. Alilichukua, akaligeuza sifa, akalitamka yeye kwa wakati aliouchagua, mbele ya hadhira ya kweli yenye idadi, ambayo ilicheka kisha ikanyamaza. Hadhira ya kichwani hainyamazi. Ndiyo sababu naamini jukwaa dogo la darasani linamfaa kijana kuliko ukumbi wa kitaifa: linampa macho ya watu kwa kipimo anachokiweza, na linamrudisha kwenye jina lake kabla ya kengele. Lile zoezi la kutaja jina na chakula cha jioni, ambalo mgeni angeliona mchezo wa watoto, ndilo linalomvua mtoto uhusika. Katika tamasha zetu mtoto anafundishwa kwa wiki kumi kuingia katika mhusika, na sijaona mwelekezi wa kukodiwa aliyelipwa kumtoa.

Hapo nafika kwenye jeraha lenyewe. Angalia nani hupewa nafasi gani. Msichana mnene ni mama wa kambo au mganga. Mweupe mrefu ni malkia. Mwenye lafudhi nzito ya kijijini ni mlinzi au mboch, yaani mfanyakazi wa nyumbani, na watu watacheka kabla hajamaliza sentensi, kwa sababu ucheshi wa jukwaa letu kwa miaka mingi umeishi kwa “b” ya Mluhya kugeuka “p” na kwa majivuno ya Mluo. Mwelekezi anatafuta alama, na jaji naye binadamu, hucheka. Lakini fikiria ni nini kinachofanyika kwa mtoto: yale hasa aliyokuwa akiyaogopa, mwili wake au ulimi wake, anafanyishwa mazoezi nayo jioni baada ya jioni mpaka yawe kazi yake, kisha anapigiwa makofi. Wapo wanaosema makofi hayo humpa ujasiri. Kwa baadhi yao, ndiyo. Kuna watoto wanaojificha nyuma ya kichekesho na kukifanya ngao. Tofauti ni nani aliyechagua. Msichana wa Kibuye alilichagua tusi lake. Angepewa na mwelekezi nafasi ya muuza omena anayenuka, ningeandika makala nyingine.

Wanaopinga drama kwa jumla wana hoja za uzito tofauti. Nyepesi kabisa ni ile ya mkondo wa waliofeli, pamoja na dada yake, kwamba kuigiza kunafundisha watoto unafiki. Ya kwanza inachanganya somo na umri. Anayesoma Fizikia ana miaka 16 sawa na anayesoma Maigizo, ana chunusi zilezile na hofu zilezile, na asilimia 15 ya wanafunzi haina haki miliki ya kujijua. Ya pili inasahau kwamba kijana anaigiza tayari. Anaigiza mbele ya baba, mbele ya kasisi, mbele ya wenzake stendi, na kila mahali ni mtu tofauti. Darasani angalau anaambiwa waziwazi kwamba huu ni mchezo na utaisha saa nne na dakika arubaini.

Nzito zaidi ni hoja ya ushahidi. Ripoti ya mwaka wa 2013 ya OECD, shirika la kiuchumi la nchi zilizoendelea, iliyokusanya tafiti za elimu ya sanaa ilikuta kwamba kuigiza hadithi darasani kunaimarisha lugha ya mtoto, na hilo ilisema kwa uhakika. Kuhusu kuwaelewa wengine na kudhibiti hisia, ilisema dalili zipo lakini ni za mwanzo. Utafiti wa DICE wa mwaka wa 2010 huko Ulaya, uliowahusisha vijana karibu 5,000 wa miaka 13 hadi 16 katika nchi 12, ulikuta walioshiriki drama wakijiamini zaidi katika kusoma na kuwasiliana. Mtu makini atauliza ikiwa drama ndiyo iliyowajenga au waliojiamini ndio waliojiunga nayo, na swali hilo ni la haki. Basi tusiuze drama kama dawa. Atakayemwambia mwalimu mkuu kwamba kipindi cha maigizo kitamaliza migomo na mimba shuleni anamdanganya, na uongo huo utarudi kuiua drama yenyewe matokeo yasipoonekana. Hata hivyo faida ya lugha, ile iliyothibitishwa, si kando ya suala la nafsi. Kijana asiye na maneno ya kusema yeye ni nani atayapokea ya wengine, na huku kwetu wenye maneno ya kumpa ni wengi.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya walimu wa ushauri nasaha: kwamba ukimfungua mtoto mbele ya darasa hujui kitakachotoka. Umemwambia aigize nyumbani kwao, naye akaigiza kitu ambacho mwalimu wa Kiswahili hakusomea kukibeba. Hii ni kweli, na jibu lake liko katika namna ya kuuliza. Mtoto asiombwe kuigiza maisha yake. Apewe mhusika asiyekuwepo, msichana fulani wa Ahero aliyehamia shule ya Nakuru, na darasa zima limtafutie la kusema anapoitwa jina la kabila lake. Augusto Boal wa Brazili alijenga mbinu nzima juu ya hili: mtazamaji anasimamisha mchezo, anaingia mahali pa mwigizaji, anajaribu njia nyingine. Waliokuwa vijana Busia, Siaya na Kakamega nyakati za kampeni za UKIMWI wanavikumbuka vikundi vilivyofanya hivyo sokoni, vikimgeukia mama muuza nyanya na kumuuliza, sasa huyu afanye nini? Mhusika anabeba aibu, mtoto anabaki na akili yake. Na ikitokea bado kitu kimetoka, mwalimu wa nasaha awe anajua siku na saa ya kipindi hicho, awe karibu.

Kwa hiyo badiliko ninalolitaka halihitaji ukumbi wala bajeti ya mavazi. Kiswahili (au Lugha ya Ishara ya Kenya) ni lazima kwa kila mwanafunzi wa Gredi 10, awe STEM au Sanaa. Hapo ndipo drama inapoweza kumfikia kila mtoto, kipindi kimoja kwa wiki mbili, madawati ukutani. Katika sekondari msingi kuna somo lililokusanya sanaa na michezo pamoja, ambalo shule nyingi hulimaliza kwa mpira kwa kuwa madarasa yamejaa na mwalimu ni mmoja. Najua msongamano huo. Wanafunzi sitini katika chumba kilichojengewa arubaini hawawezi kufanya kila linalotakiwa na mtaala. Lakini pakruok ilifanyika katika chumba cha namna hiyo, kwa kifuniko cha ndoo.

Tamasha nazo sitaki zife. Nilizipenda nikiwa mwanafunzi na bado huenda kuzitazama. Ninachotaka ni kwamba majaji waanze kumuuliza mwigizaji, si mwelekezi, sentensi gani katika mchezo huu ni yako, na jibu hilo walitolee alama. Mtunzi wa kukodiwa atalalamika, na baadhi ya shule zetu zenye majina zitashuka kwa mwaka mmoja au miwili, na huku magharibi tutapiga kelele kwamba tumeonewa. Ubishi wa 2025 nao ungekuwa mwingine: serikali ingeshindwa kusema watoto wanatumiwa, kwa sababu watoto wangekuwa na rasimu zao mkononi, zenye mwandiko wao na makosa yao ya tahajia. Hilo lingewatisha zaidi baadhi ya wakubwa kuliko seneta yeyote wa zamani.

Mwezi wa Juni nitarudi katika ile shule ya Kisumu, wakati ambapo drama katika shule nyingi imeshafungiwa stoo na ufunguo uko kwa basa, mhasibu wa shule. Mwalimu ameniambia wanafunzi wake, ambao sasa wako Gredi 9, wameanza kudai pakruok ya Jumatano wenyewe, na kwamba mvulana mmoja wa Arsenal ameomba ruhusa ya kujisifu kwa kigugumizi chake. Mwalimu hajamjibu bado. Alimwambia kwanza aandike, alete, wasome wawili tu.